Tulimwona kwenye Video, Mbona Ameachiwa?

Kila baada ya miezi kadhaa swali hili hurudi. Klipu ya sekunde 40 kutoka kamera ya dukani inasambaa kwenye simu. Kijana anaingia, anaangaza huku na huku, anatoka na begi ambalo hakuingia nalo. Mtu anauzungushia uso wake duara jekundu, mwingine anaandika chini yake: "Mwizi huyu, sambaza." Mwaka mmoja au miwili baadaye inatoka habari fupi kwamba mahakama imemwachia huru. Hapo ndipo kundi la familia linapochafuka. Shangazi anauliza, "Si tulimwona kwa macho yetu?" Mjomba anajibu kwamba hakimu kala hela.

Simlaumu shangazi. Rushwa ipo, na anayeiwazia kwanza ana sababu zake. Lakini mara nyingi maelezo yako kwingine, tena ni ya msingi zaidi: tumezoea kuiacha picha ifanye kazi ya hakimu, na tumezoea kiasi kwamba hatuoni tena kuwa hizo ni kazi mbili.

Tuanze na maneno. Mtu anayedhaniwa kutenda kosa ni mtuhumiwa. Kenya humwita mshukiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa hati ya mashtaka anakuwa mshtakiwa. Anaitwa mkosaji pale tu mahakama inapomtia hatiani, na kabla ya hapo hastahili jina hilo hata kama nchi nzima imeshamtazama. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jambo hilohilo katika ibara ya 50(2)(a). Na ninaposema utamaduni wa picha, nina maana ya mazoea yetu yote ya kuujua uhalifu kwa macho: klipu za simu, picha za magazetini, tamthilia za upelelezi, katuni, hata pingu, magwanda ya wafungwa na kizimba chenyewe. Vitu hivyo vyote vinatufundisha mwizi anafananaje, muda mrefu kabla hatujasikia ushahidi.

Picha iliyoulizwa swali moja tu

Chukua ile picha ya polisi ambayo kila mtu anaijua: uso wa mbele, uso wa ubavuni, mandhari tupu nyuma. Mpangilio huo una mwenyewe. Katika miaka ya 1880, Alphonse Bertillon, karani katika idara ya polisi ya Paris, alikuwa anahangaika na tatizo la kila siku: watu waliokwisha kufungwa walikuwa wakikamatwa tena na kutoa majina mapya. Akaanza kuwapima urefu wa mikono, nyayo na vichwa, kisha akaweka utaratibu wa kuwapiga picha kwa umbali uleule na mwanga uleule, ili picha ya leo ilinganishwe na ya mwaka juzi.

Picha hiyo iliulizwa swali moja tu: huyu ni nani? Haikuulizwa kama ana kosa. Ila macho yetu yamejibebea jibu la swali la pili. Angalia picha yako mwenyewe ya kitambulisho, uliyopigwa ukiwa umechoka foleni, mwanga mkali usoni, umeambiwa usitabasamu. Mweke hata babu mpole wa mtaani kwenye fremu ya namna hiyo, uandike namba chini yake, na mgeni atakayeiona ataanza kujiuliza babu alifanya nini.

Afrika Mashariki utaratibu wa kumweka mtu alama ulikwenda mbali zaidi ya wahalifu. Tangu mwaka 1920 hivi, wanaume Waafrika nchini Kenya walilazimishwa kubeba kipande: karatasi yenye jina, habari za kazi na alama za vidole, ikiwekwa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Hawakuwa wamehukumiwa kwa lolote. Kutokuwa nacho ndiko kulikuwa kosa. Nadhani sehemu ya utiifu wetu mbele ya picha ya polisi ni kumbukumbu ya zama hizo, zama ambazo kuandikishwa na kushukiwa vilikuwa kitu kimoja.

Sasa njoo kwenye picha ninayoijua kwa karibu, kwa sababu nimeipiga. Nilikuwa mwandishi mchanga katika mji mmoja wa mkoani. Tuliitwa asubuhi kwenda kushuhudia watuhumiwa wa uvunjaji wa nyumba. Walikuwa watano, wamekalishwa chini kwenye vumbi, wawili vifua wazi. Mbele yao yalipangwa mapanga, televisheni mbili na nondo. Hatukuambiwa panga lipi lilikutwa kwa nani. Haikuhitajika, kwa sababu mpangilio ulikuwa umeshasema: vitu hivi na watu hawa ni habari moja. Nilichuchumaa nikapata picha nzuri. Ilitoka ukurasa wa tatu.

Miaka ile sikujua kuwa picha kama hiyo inaweza pia kuiua kesi. Kuna kitu kinaitwa gwaride la utambuzi: mtuhumiwa anapangwa mstari mmoja na watu wengine wanaofanana naye kwa umri na umbo, shahidi anaingia na kuonyesha aliyemwona siku ya tukio. Thamani yote ya gwaride ni kwamba shahidi anachota kwenye kumbukumbu yake mwenyewe. Akiwa ameshauona uso gazetini au kwenye simu, hujui tena anamtambua mtu wa usiku ule au anaitambua picha ya juzi. Wakili wa utetezi atauliza swali hilohilo, na litakuwa swali halali. Kwa hiyo unaposambaza uso wa mtuhumiwa ukiamini unamsaidia mwathirika, huenda ndiyo unamnyang'anya shahidi wake.

Jicho ni shahidi dhaifu

Wengi hushangaa kusikia kwamba mahakama zetu zimeliwekea jicho la binadamu mipaka tangu zamani. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa na usioaminika, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka kila uwezekano wa kumfananisha mtu umeondolewa. Ikaweka maswali ambayo mahakimu huyatumia hadi leo: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga wa aina gani? Alikuwa anamfahamu kabla?

Ukiyatafakari, ni maswali ambayo mama yeyote angemuuliza mtoto anayedai kamwona fulani gizani. Kamera haiyaondoi. Nayo ina umbali wake, mwanga wake, na pembe iliyofungwa na fundi aliyekuwa anawaza mlango, si nyuso. Na tukiiachia kompyuta kazi ya kulinganisha nyuso, kosa linahamia humo tu. Januari 2020 mwanamume mmoja Mweusi wa eneo la Detroit, Marekani, alikamatwa mbele ya mke na watoto wake baada ya programu ya kutambua nyuso kumlinganisha na mtu aliyeonekana kwenye video hafifu ya wizi wa saa dukani. Hakuwa yeye. Mashtaka yalifutwa baadaye, baada ya yeye kulala rumande.

Marudio ya bao na marudio ya kipigo

Kila shabiki wa Simba na Yanga analijua hili tayari, ila hajalipeleka mahakamani. Mpira umegonga mkono ndani ya boksi. Marudio yanaonyeshwa mara 6. Upande mmoja wa kibanda umeona penalti ya wazi; upande wa pili umeona mkono wa kawaida. Picha ni ileile. Kisha wanapunguza kasi, na mkono uliokuwa umepita kufumba na kufumbua sasa unaelea taratibu kuelekea mpira, kana kwamba beki alikaa akafikiri. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu jambo hili: watu walioonyeshwa tukio la ukatili kwa mwendo wa polepole walielekea zaidi kuamini kwamba mtendaji alikusudia kuliko walioliona kwa kasi yake halisi. Kwenye sheria, kukusudia ndiko kunakotenganisha mauaji ya kukusudia na kuua bila kukusudia. Kitufe kimoja cha mashine kinaweza kumsogeza mtu kutoka kosa moja hadi jingine.

Mfano mkubwa kuliko yote wa mvutano huu ni wa Los Angeles. Usiku wa tarehe 3 Machi 1991, mkazi mmoja akiwa kwenye roshani yake aliwarekodi polisi wakimpiga kwa virungu Rodney King, mwanamume Mweusi aliyekuwa chini. Dunia iliiona video hiyo, na karibu kila aliyeiona aliamini kesi imekwisha. Aprili 1992 baraza la wazee wa mahakama katika mji wa Simi Valley liliwaona askari wote wanne hawana hatia, isipokuwa shtaka moja dhidi ya mmoja wao ambalo halikuafikiwa. Mji ukawaka moto na watu zaidi ya 50 wakafa.

Ilikuwaje? Mawakili wa utetezi hawakuificha video. Waliionyesha tena na tena, ila kwa vipande, picha moja moja iliyosimamishwa. Kila kirungu kilitengwa na kilichotangulia. Hapa ameinua mguu, hapa ameegemea kiwiko, je, hakuwa anajaribu kuinuka? Kipigo kilichokuwa kitu kimoja kikavunjwa kuwa maamuzi madogo madogo, kila moja na maelezo yake. Mwaka uliofuata askari haohao walisimama katika mahakama ya shirikisho kwa mashtaka mengine, na wawili wakatiwa hatiani. Video haikubadilika hata sekunde moja.

Hapa ni lazima niseme wazi ninavyoona: wazee wale wa kwanza walikosea, na walikosea vibaya. Lakini ukisema walikosea kwa sababu "video inajionyesha", umekosa somo. Video ilionyeshwa na watu, kwa mpangilio uliochaguliwa na watu, na watazamaji walikuja nayo hofu yao ya mtu Mweusi.

Kwetu pia imetokea. Machi 2017 ilisambaa video kutoka Eastleigh, Nairobi: mwanamume aliyevaa kiraia anampiga risasi kijana aliyelala chini, mchana kweupe, watu wamezunguka. Kuna walioona mauaji. Kuna walioona mtaa ukipumua baada ya kuteswa na magenge, wakampongeza mpigaji waziwazi. Kilichowatofautisha kilikuwa ndani yao kabla hawajabonyeza kitufe: picha ya "mhalifu" waliyoibeba, na swali kama mtu wa namna hiyo bado ana haki ya kufikishwa kwa hakimu. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa mwendesha mashtaka kuidhinisha mashtaka ya mauaji.

Video inapofika kizimbani

Basi mahakama hufanya nini na klipu? Fikiria michango ya harusi. Mjumbe wa kamati anasema laki 3 za ukoo zimefika kamili. Utauliza nani alikusanya, alimkabidhi nani, zilikaa wapi usiku ule, daftari liko wapi. Mjumbe hujamwita mwizi. Unataka tu njia ambayo pesa imepita iwe haina tundu. Kielelezo cha video kinaulizwa vivyo hivyo. Nani aliitoa kwenye mashine? Mashine ilikuwa inafanya kazi sawasawa, saa yake ni sahihi? Nani alikaa na kifaa mpaka siku ya kesi? Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kutoka kwa mtu anayehusika na mtambo uliotoa rekodi. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama ipime uaminifu wa namna ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa. Klipu iliyopita kwenye makundi 10 ya WhatsApp, ikakatwa mwanzo na kuwekewa muziki, haina daftari.

Mwanzo uliokatwa ndio unaonisumbua kuliko vyote. Ukiingia sebuleni ukamkuta mkubwa anamchapa mdogo, utamwadhibu mkubwa. Hukuwepo mdogo alipomwaga uji kwenye daftari la shule. Adhabu yako pengine ingekuwa ileile, lakini hukumu uliyotoa haikuwa ya tukio. Ilikuwa ya sekunde ulizozikuta.

Vipi mtuhumiwa akikiri mbele ya kamera? Wengi huamini hapo hakuna kesi tena. Kenya, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema ungamo halikubaliki kama halikutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kisichopungua inspekta ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wa tatu ambaye mtuhumiwa amemchagua mwenyewe. Tanzania, ungamo kwa polisi lazima lithibitike kuwa la hiari. Maneno yaliyosemwa kwenye vumbi mbele ya waandishi hayajapita popote kati ya hapo. Hata pembe ya kamera ina hila yake. Mwanasaikolojia Daniel Lassiter wa Chuo Kikuu cha Ohio alionyesha kwa miaka mingi kwamba kamera ikimlenga mtuhumiwa peke yake, watazamaji huona amekiri kwa hiari zaidi kuliko inapowaonyesha yeye na askari anayemhoji kwa pamoja. Ukimwona mmoja tu unaona uamuzi wake. Ukiwaona wote wawili unaona pia anayembana.

Na neno "kuachiwa" lenyewe linabeba mambo matatu ambayo vichwa vya habari huyachanganya. Dhamana si kuachiwa. Ni kusubiri kesi ukiwa nyumbani. Kesi kuondolewa na upande wa mashtaka si tamko la kwamba hukufanya. Mashtaka yanaweza kurudi. Kuonekana huna hatia ni mahakama kusema kosa halikuthibitishwa pasipo kuacha shaka. Mara nyingi aliyeshindwa kazi hapo ni mpelelezi, na hasira za shangazi zingefaa zielekezwe kwenye upelelezi ulioitegemea klipu moja badala ya kutafuta mengine.

Inawezekana kuitegemea picha vizuri. Julai 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wawili wadogo, wakawafunga macho na kuwapiga risasi. Serikali ya Cameroon iliiita habari ya uongo. Waandishi wa BBC na wachunguzi wa kujitolea hawakubishana kwa hisia. Walichukua mstari wa vilele vya milima nyuma ya wanajeshi wakaulinganisha na picha za setilaiti hadi wakapata eneo, karibu na mji wa Zelevet kaskazini ya mbali ya nchi. Wakatazama majengo na njia zilizokuwepo mwaka fulani na kutokuwepo mwingine. Wakapima vivuli vya watu kama unavyosoma saa kwa jua, wakafikia kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi ya Yaoundé iliwahukumu wanajeshi wanne miaka 10 jela. Picha ile haikujieleza. Ilihojiwa, kama shahidi.

Sura inayobadilika, na wizi usio na sura

Kuna picha moja ya Kenya ninayoirudia kila nikifikiria haya. Oktoba 21, 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alijeruhiwa na kukamatwa Nyeri. Wakoloni walimpiga picha amelala chali, mikono ina pingu, nywele ndefu zimesokotana, amevaa ngozi ya chui, nao wakaisambaza. Aliyeitazama aliambiwa anamwona gaidi mkuu wa msituni. Lakini kosa alilohukumiwa kunyongwa lilikuwa kumiliki bastola na risasi bila kibali. Alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Miaka 50 kamili baadaye sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi, amesimama na bunduki mkononi. Silaha, iliyokuwa shtaka, sasa ni heshima yake. Nywele zilezile. Na kumbuka kuwa Mau Mau iliendelea kuwa kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi 2003.

Upande wa pili wa jambo hili hauna picha kabisa, nao unaniumiza zaidi. Sema "kibaka" na uso unakuja wenyewe: kijana mwembamba, kandambili, mbio, umati nyuma yake na tairi. Sasa sema "EPA". Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kutoka akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu ya Tanzania. Uso gani unakuja? Hakuna. Unaona jengo, pengine karatasi. Wizi wa kalamu hauna kamera ya dukani. Umo kwenye sahihi na mihuri. Wanaoshtakiwa kwa makosa ya aina hiyo hupigwa picha wakiwa wima, suti imenyooka, wakili kando. Hawapangiwi nondo miguuni. Ndiyo maana mtaa unaweza kumuua mwizi wa kuku kabla ya saa sita mchana, na mtaa huohuo ukamwita "mheshimiwa" mtu mwenye kesi ya mabilioni. Macho yamefundishwa sura moja ya uhalifu, na ni sura ya maskini.

Wale vijana watano wa picha yangu, mmoja aliachiwa baada ya miezi 4. Upande wa mashtaka ulisema hauna nia ya kuendelea na shauri dhidi yake. Alikamatwa kwa kuwa alipanga chumba kwenye nyumba ambamo televisheni zilikutwa. Siku ile mahakamani hakukuwa na mpiga picha, nami sikwenda. Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwetu akiwa na gazeti limekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Alisema mama yake anauza mboga sokoni na watu bado wanamwonyesha ukurasa ule. Hakutaka fidia. Aliuliza kama tunaweza kutoa picha nyingine, mahali palepale, ukurasa wa tatu. Kisha akatoa picha ndogo ya pasipoti, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, nywele zimechanwa, akaiweka juu ya meza.

Niliipeleka kwa mhariri. Haikutoka.